Mama kaniambia nijenge pembeni ya nyumba yake, lakini hati bado ina jina la marehemu baba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimepanga Mbagala na mume wangu. Nina jambo linaninyima usingizi tangu Ramadhani iliyopita, na sina wa kumweleza, maana kila ninayemfikiria ni ndugu, na ndugu ndio wahusika wenyewe.

Marehemu baba alipata kiwanja Kibada, Kigamboni, wakati ule wa mradi wa viwanja elfu 20. Ni kikubwa, mita 40 upande wa barabarani na mita 30 kwenda ndani. Alijenga nyumba ya vyumba vitatu upande wa kushoto, upande wa kulia akauacha wazi, akawa anapanda mihogo na kunde. Kuna mwembe mmoja na, nyuma kabisa, karo la maji taka la nyumba hiyo. Kisima kiko mbele, upande wa nyumba. Baba alifariki 2018. Wazazi wake walishatangulia siku nyingi. Katuacha na mama, watoto watatu: kaka mkubwa ana maisha yake Mwanza, mimi ni wa kati, na mdogo wetu wa kiume anaendesha bodaboda na anaishi na mama hapohapo.

Mwaka jana mwenye nyumba wetu alipandisha kodi na akataka ya mwaka mzima. Mama aliposikia akasema, "Mnahangaika na nyumba za watu na hapa pembeni panaota majani? Njooni mjenge, hapo ni pako." Aliyasema hayo mbele ya mama mdogo na mdogo wangu. Kaka nilimpigia simu, akacheka, akaniambia, "Jenga tu, kwani wewe mgeni pale?"

Basi tukaanza. Mimi nikatoa fedha zangu za kikoba, mume akakopa Saccos ya kazini kwao. Tumenunua matofali 1,800 ya inchi sita, yamepangwa chini ya mwembe, na mifuko 30 ya saruji iko stoo kwa mama. Fundi ameshapima kwa kamba: mita 15 kwa 30, yaani upande wote wa kulia. Kibali anasema kitafuata, wengi wanajenga hivyo.

Kilichonisimamisha ni swali la mdogo wangu. Jioni moja ananisindikiza kituoni, akaniuliza bila ugomvi wowote, "Dada, na zile fremu zangu nitaziweka wapi?" Kumbe siku zote ana mpango wa kujenga fremu za maduka palepale, mbele, barabarani. Sikuwa na la kumjibu. Huku kwa mume nako ndugu zake wamemkalia: mwanamume hajengi ukweni, siku mkikosana utatoka na begi la nguo. Tangu hapo hataki hata kufika Kibada, na makato ya Saccos yanaendelea kila mwezi.

Mwenzangu kazini akaniuliza hati ina jina la nani. La baba. Mirathi mmefungua? Hatujafungua. Nilipomgusia mama akasema, "Mirathi ya nini, kuna waliogombana?" Shangazi, naogopa. Nikizungumzia karatasi nitaonekana nilikuwa nasubiri baba afe nirithi. Nikinyamaza nitazika fedha zetu kwenye ardhi ya watu. Fundi anapiga simu kila siku, anasema saruji itaharibika. Je, nianze msingi, hayo mengine yafuate? Sisi ni Waislamu, kama hilo linasaidia kunijibu.

Mama Wawili, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu baba yenu na awape mama umri na afya.

Usianze msingi. Sikukatazi kujenga Kibada. Nikisoma barua yako naona pale panakufaa, na mama anakuhitaji kuliko anavyosema. Lakini nondo ya kwanza isiingie ardhini wakati hati ingali na jina la marehemu.

Sababu yake ni nzito kuliko fundi anavyodhani. Sheria ya Ardhi ya 1999, inapoeleza ardhi ni nini, inahesabu ndani yake majengo yaliyoshikamana nayo. Ukijenga kwenye kiwanja cha baba yako kabla ya mirathi, nyumba hiyo inaingia kwenye kiwanja, na kiwanja ni mali ya marehemu inayongoja kugawanywa. Siku ya kugawana, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba saruji ilikuwa yako, kwamba fundi ulimlipa wewe, kwamba ndugu zako waliridhia. Pengine utasikilizwa. Pengine mmoja wao, au mke wa mmoja wao, atasema alidhani unamjengea mama. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo, na karibu zote zinaanza kama yako: watu wanapendana, hakuna ugomvi, na kuna mtu aliyesema "jenga tu".

Kauli ya mama yako ni ya mzazi na ina heshima yake. Hata hivyo, tangu siku ile ya 2018 kiwanja hakikubaki kuwa cha mtu mmoja wa kukigawa kwa mdomo. Mama ana fungu, kaka ana fungu, mdogo wako ana fungu, na wewe unalo. Alichokupa mama ni moyo wake. Kaka naye, alipocheka kwenye simu, aliruhusu kitu ambacho hajawahi kukifikiria kwa hesabu. Hebu tukifikirie sisi.

Mmesema ninyi ni Waislamu. Mke akiwa na watoto anapata thumni, fungu moja kati ya manane, na kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Kiwanja chenu ni mita za mraba 1,200. Tukiiweka nyumba pembeni kwa sasa na kuitazama ardhi peke yake, fungu la mama ni mita za mraba 150. Zinabaki 1,050: kaka 420, mdogo wako 420, wewe 210. Sasa rudi kwenye kamba ya fundi. Mita 15 kwa 30 ni mita za mraba 450. Umepimiwa zaidi ya mara mbili ya haki yako, tena upande wote ulio wazi. Mdogo wako hakukuuliza kwa choyo. Aliona kamba imepita juu ya mahali alipokuwa akipapangia maisha yake, na akakuuliza kwa upole. Mshukuru kwa kuuliza mapema.

Hesabu hiyo ni ya kukuonyesha picha tu. Kwanza vinatangulia gharama za mazishi, madeni ya marehemu, na wasia kama upo, usiozidi theluthi. Kisha kuna nyumba yenyewe, nayo ina thamani. Na kabla ya yote hayo kuna jasho la mama. Kama aliuza vitumbua bati zikanunuliwa, au alisimamia ujenzi huku baba akiwa kazini, hilo lisemwe kikaoni na liandikwe, maana mali ya mama haiwi ya marehemu kwa sababu tu jina la kwenye hati ni la mume. Vilevile kama kuna mke au mtoto mwingine wa ndoa ambaye hukumtaja, mafungu yanabadilika. Ni bora mlijue hilo sasa kuliko likaja kubisha hodi nyumba ikiwa kwenye linta.

Usikate tamaa kwa zile mita 210. Warithi wakishajua kila mmoja haki yake, dini inawaruhusu kuachiana kwa ridhaa. Mama anaweza kukupa fungu lake hiba, yaani zawadi. Kaka aliye Mwanza anaweza kusema mimi sihitaji ardhi Kibada, nipeni thamani yangu polepole, au nihesabieni kwenye nyumba. Lakini mtu huachia kitu anachokijua. Aliyesema "jenga tu" bila kujua anaachia mita ngapi, siku akijua atahisi aliibiwa, hata kama hakuibiwa.

Kuhusu aibu ya kutamka neno mirathi, naielewa, na nadhani ndiyo mzigo wako mkubwa kuliko hata fedha. Mama yako anaamini mirathi hufunguliwa na waliogombana. Wengi wanaamini hivyo, ndiyo maana mirathi nyingi hufunguliwa kwenye ugomvi. Usimkabili kwa hoja za sheria. Nenda siku isiyo ya wageni, kaa naye jikoni, umwambie hivi: "Mama, ile nyumba unayolala ina jina la baba, naye hayupo. Nataka wewe uwe wa kwanza kuwa na karatasi, kabla yangu mimi." Hayo si maneno ya kumzunguka, ni kweli tupu. Leo hii mama yako hawezi hata kuomba hati iandikwe jina lake. Na kuna jambo linalowatisha watu wazima kuliko ninyi vijana mnavyodhani, basi mwambie taratibu: akitangulia mmoja wenu kabla ya haya kumalizika, Mungu apishie mbali, fungu lake linakwenda kwa warithi wake, na mirathi inapanda juu ya mirathi. Leo mko wanne, mnajuana. Miaka 10 ijayo mnaweza kuwa 15, na baadhi hamjawahi kula sahani moja.

Akishakubali mama, njia yenyewe si ndefu kama inavyosimuliwa. Mnakaa kikao cha familia, kaka awepo hata kwa simu ikibidi, lakini sahihi yake ipatikane. Mnamchagua msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari wenye majina na sahihi za warithi wote. Mnakuwa na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili; kama mliishia kwenye kibali cha mazishi, hicho hakitoshi. Kwa kuwa marehemu alikuwa Mwislamu, maombi yanaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha inamteua msimamizi na kumpa hati ya usimamizi. Kanuni zinamtaka ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu ya alivyogawa.

Hapa nataka usome taratibu, maana hapa ndipo familia nyingi zinapoteleza. Msimamizi si mrithi mkuu. Akishateuliwa, jina lake litaingia kwenye hati kwa msajili, na litaandikwa kama msimamizi. Wengi wakifika hapo wanapumua na kurudi nyumbani, kazi wanaona imekwisha. Haijaisha. Jina la msimamizi ni la kupitishia mali kwenda kwa warithi, na mpaka mali imefika kwa warithi wewe bado huna ardhi. Mchagueni mtu mwenye subira na anayependa makaratasi. Kaka mkubwa si lazima awe yeye kwa sababu tu ni mkubwa. Yuko Mwanza, na safari za mahakamani na ofisi za ardhi ziko Dar es Salaam. Wewe mwenyewe unaweza kuwa, ila kwa kuwa wewe ndiye unayetaka kujenga, ningependa awe mama au mtu mwingine mnayemwamini nyote, usije ukaonekana umejigawia.

Kisha ndipo mwende halmashauri, kwa afisa mipango miji, mkiwa na nakala ya hati na ramani. Mwulizeni: kiwanja hiki kinaweza kugawanywa? Kugawa kiwanja kilichopimwa kunahitaji idhini ya mipango miji, mpima ardhi, ramani mpya iliyoidhinishwa, na hati ya zamani kurudishwa ili zitoke mpya. Kila kipande kinatakiwa kiwe na njia ya kufikika na kisiwe kidogo kuliko kiwango cha eneo hilo. Mpima atafute bikoni zote nne, yaani alama za mipaka, kabla ya lolote. Msitegemee ukuta wa jirani. Nimeona kiwanja ambacho ukuta uliingia hatua mbili ndani na watu wakapanda maua juu yake miaka mingi.

Wakiwaambia hakigawanyiki namna mnavyotaka, safari haijaishia hapo. Sheria ya Ardhi inaruhusu watu kumiliki kwa pamoja, kila mmoja na hisa yake iliyoandikwa. Mnabaki na hati moja yenye majina yenu, na mnaandikiana kwa wakili nani anatumia upande upi, nani anapita wapi, na mmoja akitaka kuuza wengine wapewe nafasi ya kwanza. Si nzuri kama hati yako peke yako, lakini ni bora mara nyingi kuliko kauli ya mdomo.

Na kibali cha ujenzi hakifuati nyuma ya nyumba. Halmashauri inataka kuona umiliki wa anayeomba, na marehemu haombi kibali. Fundi anayekwambia wengi wanajenga hivyo hatakuwepo siku alama nyekundu ya X itakapochorwa ukutani kwako. Usijitulize pia na risiti. Kodi ya majengo inakatwa kwenye Luku tangu 2021, na wapo wanaodhani kwa kuwa mita ina jina lao na kodi wanalipa, basi nyumba ni yao. Luku inaonyesha nani analipia umeme.

Sasa mdogo wako. Mwite, wewe na yeye tu, umwombe radhi kwa ile kamba, kisha mwonyeshe jambo hili: fremu zake na nyumba yako zimekwama mahali pamoja. Kiwanja cha makazi kikijengwa maduka kinahitaji idhini ya kubadili matumizi, na idhini hiyo nayo haitolewi kwa jina la marehemu. Kwa hiyo naye anahitaji mirathi ifunguliwe, pengine kuliko wewe. Ninapoitazama ile ardhi kutoka hapa nilipo, naona uwezekano wa yeye kuchukua mbele, barabarani, wewe ukachukua nyuma na kuachiwa njia ya gari pembeni. Nyumba ya vyumba viwili au vitatu inaingia vizuri kwenye kipande cha mita 14 kwa 15 kama haina mbwembwe. Hilo mtaamua wenyewe, lakini nenda kwake ukiwa na pendekezo linalomhesabu na yeye.

Mumeo nimemweka hapa kwa sababu tatizo lake limeumbwa na lilelile lako. Ndugu zake wanasema mwanamume hajengi ukweni. Pwani yetu haikuwa hivyo kila mahali. Lamu, familia zenye uwezo zilimjengea binti nyumba karibu na ya wazazi wake, nyingine zikaunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, na bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Hakuna aliyemwona amepungua. Mweleze hayo kama yatamliwaza, lakini usidhani ndiyo yanayomsumbua hasa. Mume wako anakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya matofali yaliyo kwenye ardhi ambayo mkewe mwenyewe hana karatasi yake. Hofu hiyo ni ya haki, na ukiiita kiburi cha kiume utamwonea. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mchango wa kila mmoja katika mali mliyoipata pamoja, ila itamsaidia vipi kama nyumba imo ndani ya mirathi ya baba mkwe? Mwambie wazi: hatutaweka hata tofali moja mpaka ardhi iwe na jina langu, na mkopo wako tutauandika, kiasi gani kimeingia na kimenunua nini, tusaini wote wawili. Kisha panga naye yale madogo yanayomfanya mtu ajisikie kwake: geti lenu, mita yenu ya umeme, uzio wa michongoma hata kama mfupi, na jiko ambalo mama hatalipitia kwenda kuanika nguo. Mwanamume akiweza kuvua shati barazani kwake bila kuangalia kama mkwe anapita, atalala vizuri.

Kuhusu mama mwenyewe kuna jambo hukuliandika. Ukihamia pale, wewe ndiye utakayeamshwa usiku presha ikipanda. Kaka atazoea kupiga simu na kuuliza mama anaendeleaje, mdogo wako ataoa na kuondoka au atabaki na mambo yake. Najua utamhudumia kwa moyo. Liseme tu kikaoni, siku hiyohiyo ya mirathi: nani anachangia dawa, nani bima, mama atakaa kwenye nyumba yake mpaka lini. Mimi ningeandika kwamba anakaa maisha yake yote na hakuna wa kuuza juu ya kichwa chake. Thumni pekee haimhakikishii hilo.

Ya ujenzi nitasema machache, mengine utaelezwa na mtu wa fani. Karo liko nyuma, upande uleule. Usilijengee juu na usilizibie njia, kwa sababu likijaa gari la kunyonya maji taka linahitaji kufika karibu, na kwenye kipande kama hicho ni rahisi sana nyumba mpya ikafunga mlango pekee wa gari. Pengine itakuwa nafuu kulihamisha kabisa mkachimba jipya la nyumba zote mbili, kama mpimaji atapata mahali. Kisima chenu kiko mbele upande wa nyumba. Shimo lolote jipya la maji machafu likae mbali nacho mita 30 au zaidi, na urefu wa kiwanja chenu unaruhusu. Maji ya bati lako yasimwagikie ukuta wa mama. Mwembe uache kama unaweza.

Ukihitaji mtu wa kukushika mkono mahakamani bila gharama za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na hapo Dar es Salaam TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, wamekuwa wakiwasaidia wanawake kwenye kesi za ardhi na mirathi. Nenda na nakala ya hati, cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vyenu watatu.

Huenda ikatokea mama akakataa kabisa, au kaka akabadilika akisikia neno fungu. Ikiwa hivyo, usijenge Kibada kwa kujipendekeza. Omba haki yako ibaki imeandikwa, na fedha mlizonazo tafuteni kiwanja chenu, hata kikiwa mbali kidogo, chenye jina lako na la mumeo. Matofali yanapakiwa lori yakahama, msingi hauhami.

Saruji kwa kweli haisubiri. Hewa ya Kigamboni ina unyevu wa bahari, na mfuko uliokaa miezi mitatu unaanza kupoteza nguvu hata kama nje unaonekana mzima. Ingia stoo ubonyeze mifuko mmoja mmoja. Yenye madonge yasiyovunjika kwa vidole usiitumie kwenye msingi wala nguzo. Iliyo mizima mwuzie jirani anayejenga sasa hivi, hata kwa hasara kidogo, na fedha hiyo iwe ya nauli na ada za mahakama. Fundi mjibu leo, kwa ujumbe ulioandikwa, kwamba kazi imesimama mpaka umpigie wewe.